"Hostal" si Hosteli: Majina ya Malazi Nafuu na Wajibu wa Mfasiri

Miguel de Cervantes alipochapisha sehemu ya kwanza ya Don Quijote mwaka 1605, alimfikisha mhusika wake katika "venta", nyumba duni ya kulala wapita njia, naye akaidhania kuwa ngome. Ucheshi wa tukio hilo umesimama juu ya neno moja. Mfasiri akiandika "hoteli", dhihaka yote hufifia. Hata hivyo, kosa la aina hii halikomei katika fasihi. Malazi ya bei nafuu katika nchi zinazozungumza Kihispania ni ya aina nyingi, na kuyaita yote "hoteli" au "gesti" ni kumpotosha msafiri mwenye fedha chache. Jina la malazi ni mfano wa mkataba: humweleza mgeni atalala na nani, kwa muda gani na kwa masharti yapi.

Chukua neno "hostal". Mzungumzaji wa Kiswahili hudhani ni hosteli, yaani bweni. La hasha! Nchini Uhispania "hostal" ni nyumba ndogo ya wageni, aghalabu ya familia, yenye vyumba vya faragha, na daraja lake ni chini ya hoteli. Kwa desturi hutambulishwa na kibao cha samawati mlangoni chenye herufi "Hs", ilhali "pensión", iliyo sahili zaidi, huandikwa "P". Bweni lenye vitanda vya ghorofa huitwa "albergue". Katika njia ya hija ya Camino de Santiago, "albergue" za mahujaji humtaka mgeni aonyeshe hati inayogongwa mihuri njiani, na nyingi za umma humruhusu kulala usiku mmoja tu, ila akiugua. Wahenga wa Kiswahili walau walimpa mgeni siku mbili kabla ya kumkabidhi jembe!

Vuka bahari hadi Argentina, neno hilohilo lageuka. "Albergue transitorio" hukodishwa kwa saa, na wateja wake ni wapenzi. Kadhalika "motel" nchini Kolombia. Mfasiri asiyelijua hili aweza kumpeleka hujaji mlango wa wapenzi.

Nchini Kuba, "casa particular" ni chumba cha kukodi katika makazi ya familia. Uchumi ulipoyumba baada ya Muungano wa Kisovieti kusambaratika mwaka 1991, serikali iliweka sheria mwaka 1997 ya kuruhusu na kutoza kodi biashara hiyo. Alama ya samawati inayofanana na nanga mlangoni humjulisha mgeni kutoka nje kwamba anaweza kupokewa. Tafsiri sisisi, "nyumba ya mtu binafsi", haielezi lolote kati ya haya.

Wapo watakaosema kwamba muktadha utafafanua, au kwamba yatosha kuyatohoa maneno hayo yote. Hoja hiyo ni dhaifu. Nchini Kenya kwenyewe, "hoteli" nyingi hazina hata kitanda kimoja. Watu huingia humo kunywa chai na kula mandazi. Mgeni anayetafuta pa kulala hufafanuliwa nini na muktadha usiku wa manane?

Aidha, Kiswahili hakijafilisika. "Hostal" yaweza kuwa nyumba ya wageni. "Albergue" ya Camino, bweni la mahujaji. "Casa particular", chumba kwa familia. Ama "albergue transitorio", neno "lojingi", pamoja na kejeli yake yote mitaani, lalitosha barabara.

Kwa hivyo, mwanafunzi wa tafsiri asikimbilie kamusi kabla hajauliza mahali panatumiwaje na nani. Neno lililo karibu kwa sauti laweza kuwa mbali kwa maana, na anayelipia umbali huo ni msafiri, wala si mfasiri.