MANENO NA MAANA YAKE: "Union" Moja, Majina Mengi

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yaliyoingia vinywani mwetu bila kupiga hodi, ni machache yaliyo na kazi nyingi kama neno "union". Mkulima wa kahawa husema kwamba yunioni imemkata fedha. Mchuma majani katika shamba kubwa la chai husema yunioni imempatia nyongeza ya mshahara. Mzee aliyefanya kazi Nairobi katika miaka ya 1960 huikumbuka yunioni ya watu wa kwao, iliyochanga fedha ili maiti arudishwe nyumbani akazikwe. Karani akifungua gazeti huona habari za Umoja wa Ulaya, na jirani yake husikia redioni habari za Muungano wa Tanzania. Wote hawa wameshika neno moja, na kila mmoja ana kitu chake. Lau yangekuwa ni mazungumzo ya jioni tu, nisingeyatolea wino. Lakini neno hili aghalabu hufuatwa na saini, na saini hufuatwa na makato ya fedha.

Waingereza wenyewe walilipata neno lao katika Kilatini, ambamo "unus" maana yake ni moja. Katika shina hilo Warumi walikuwa na neno "unio", lililoweza kutaja lulu kubwa iliyo peke yake, na pia aina ya kitunguu. Na wataalamu wa lugha hutuambia ya kuwa jina la Kiingereza la kitunguu lilitoka hapo. Basi msomaji akiona mkutano wa yunioni umemtoa mtu machozi, asistaajabu sana.

Kiswahili hakikuridhika na neno moja. Kina umoja, muungano, chama, ushirika, shirika, jumuiya na shirikisho, na yote haya huitwa kujaza mahali pa "union" au pa ndugu zake. Wako wanaoona wingi huu kuwa ni taabu kwa mfasiri. Mimi, ambaye kazi yangu ya kila siku ni kugeuza barua kutoka lugha moja kwenda nyingine, nauona kuwa ni neema, maana kila moja la maneno haya lina ahadi yake. Taabu huja pale tunapoyaacha yote na kusema "yunioni" tu.

Mzee mmoja mkulima alifika siku moja kwenye makao ya wilaya, akamwambia askari wa langoni kwamba ana shauri na yunioni. Askari yule, ambaye ndugu yake yumo katika chama cha wafanyakazi, akamwelekeza kwa afisa wa kazi. Mzee akaketi bencini tangu saa mbili asubuhi hata saa sita, ndipo akaulizwa jina la mwajiri wake. Akajibu ya kuwa hana mwajiri, ana miti mia mbili ya kahawa. Akaletwa kwetu.

"Yunioni imezuia malipo yangu," akaniambia. "Nataka niingie katika mkutano wao niwaulize mbele ya watu."

"Mzee wangu," nikamwambia, "wewe si mwanachama wa yunioni."

"Si mwanachama! Kijana, kahawa yangu ndiyo iliyojenga ile nyumba yao ya ghorofa."

Alikuwa na haki ya kukasirika, lakini nilimwambia kweli. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997 iliweka ya kwamba chama cha msingi ni cha watu, na yunioni ya ushirika ni ya vyama. Watu kumi waweza kuandikisha chama cha msingi. Lakini yunioni huanzishwa na vyama viwili au zaidi vilivyokwisha kuandikishwa. Mkulima hupeleka matunda ya kahawa kwenye kiwanda cha chama chake, hupimiwa, hupewa cheti cha mizani, na jina lake huandikwa katika daftari la chama hicho. Katika daftari la yunioni jina lake halimo. Lililomo ni jina la chama. Kwa hiyo mkulima hana kiti katika mkutano wa yunioni, ila wenzake wamemchagua kuwa mjumbe.

Jambo hili laonekana dogo, wala si dogo. Mzee huyu hakuwa amehudhuria mkutano mkuu wa chama chake kwa muda wa miaka minne, kwa kuwa alidhani chama ni kibanda cha mizani tu na wakubwa wako mjini. Akalipita lango lililokuwa wazi, akaenda kugonga ukuta. Katika mkutano ule wa chama cha msingi kila mwanachama ana kura moja, awe na miti hamsini au elfu tano. Hapo ndipo angeweza kusimama na kuuliza: yunioni ilituletea kiasi gani, na tarehe gani? Chama kimekata nini kwa ajili ya mbolea, na nini kwa dawa ya kunyunyizia, na nini kwa mkopo? Nani alikwenda kutusemea katika yunioni mwaka jana, na aliporudi alituambia nini? Vyeti vyake vya mizani alikuwa navyo vyote, amevifunga ndani ya mfuko wa nailoni. Kilichompoteza ni jina tu.

Utaratibu huu si mgeni katika nchi zetu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walipoanzisha chama chao mwaka 1925, kiliitwa KNPA kwa kifupi, nacho kilikuwa chama cha wapandaji wenyewe. Mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na KNCU, yaani yunioni ya ushirika. Mkulima akawa mwanachama wa chama cha msingi cha mahali pake, na vyama hivyo ndivyo vilivyokuwa wanachama wa yunioni. Katika jina herufi mbili tu zilibadilika, lakini kati ya mkulima na meza ya wakubwa iliongezwa ngazi nzima.

Sasa tutazame chama cha wafanyakazi, ambacho nacho huitwa yunioni. Hapa mambo ni kinyume. Mtu huingia yeye mwenyewe, kwa jina lake. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 iliweka kwamba mfanyakazi hutia saini fomu, na ndipo mwajiri humkata ada katika mshahara na kuipeleka kwa chama. Akiandika kwamba amejitoa katika chama, na mwajiri akaarifiwa kwa maandishi, makato hayo yapasa kukoma. Lakini karani mwenzangu asifurahi upesi, maana sheria hiyo hiyo ilitoa njia ya kumtoza ada ya uwakala mtu asiye mwanachama, ikiwa mkataba ambao chama kilifanya na mwajiri unamfaa yeye pia. Wengi hulalamika kuhusu ada hii. Mimi siioni kuwa ni dhuluma, kwa sababu nyongeza ya mshahara haimuulizi mtu kama alitia saini, humwingia mfukoni vivyo hivyo. Tena mwajiri halazimiki kukitambua chama kwa kuwa kina ofisi na muhuri. Hulazimika kikiwa kimewaandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuingia.

Hivyo katika nyumba moja mume aweza kuwa mkulima mdogo wa kahawa, na mkewe akawa kibarua wa shamba kubwa. Wote wawili wasema, "Kesho yunioni ina mkutano." Mke ataingia na kuketi mbele. Mume, asipokuwa mjumbe, atabaki nje ya mlango.

Neno chama, basi, ndilo jepesi kuliko yote, na pengine ndiyo maana limebeba mengi. Akina mama wanaochangiana fedha kwa zamu husema wana chama. Na wale waitwao katika nchi nyingine "credit union" sisi huwaita chama cha akiba na mikopo, au sako kwa ufupi. Wanasiasa nao wana chama. Jambo la kukumbuka ni kwamba zamani "union" lilikuwa neno la kuogopwa. Mwaka 1944 ilipoundwa Kenya African Union, serikali ya kikoloni ilitaka neno "Study" litiwe katikati, ili watu wale waonekane kama wanafunzi wanaosoma mambo, wala si watu wanaodai mambo. Kwa muda ikaitwa Kenya African Study Union, hata mwaka 1946 neno lile likaondolewa. Na mwaka 1953 chama chenyewe kikapigwa marufuku. Mwaka 1960 ikaja KANU, na watu wakazoea kusema "chama cha KANU", ingawa chama kimo tayari ndani ya jina, katika herufi ya mwisho. Zile yunioni za makabila mijini, kama Luo Union, nazo zilivunjwa mwaka 1980 kwa agizo la serikali.

Tumefika sasa kwenye maneno mawili ambayo hata wasomi huyachanganya: umoja na muungano. Umoja watokana na moja, nao ni hali. Muungano watokana na kuunga, nao ni kazi iliyofanywa na mikono ya watu. Fundi huunga mbao. Mfupa uliovunjika huunga. Mpishi huunga mboga kwa nazi. Kitu kilichoungwa kina kiungo, na kiungo huonekana. Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar zilipokuwa nchi moja, Mwalimu Nyerere alichanganya udongo wa pande mbili, na udongo ukichanganywa hakuna awezaye kuutenga. Lakini neno lililochaguliwa halikuwa mchanganyiko. Lilikuwa Muungano, na kwa maoni yangu neno lilisema kweli kuliko udongo. Zanzibar ilibaki na Rais wake na serikali yake, na tangu mwaka 1980 ina Baraza la Wawakilishi. Yakaandikwa Mambo ya Muungano, kumi na moja hapo mwanzo, na baadaye ishirini na mawili. Na katika yale ambayo hayakuandikwa, kila upande hufanya lake. Mabishano mengi ya miaka yote hiyo yamekuwa juu ya kiungo: kipite wapi, na nani amekisogeza.

Neno umoja halidai kiungo, ndiyo sababu lawafaa wengi. Mwaka 1963 zilipokutana Addis Ababa, nchi za Afrika ziliunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Mwaka 2002 huko Durban mahali pake pakachukuliwa na Umoja wa Afrika. Kwa Kiingereza badiliko lilikuwa kubwa, maana "unity" iliondoka ikaja "union". Viongozi walitaka ionekane kwamba moyo mmoja hautoshi, bali chombo chahitajika. Msomaji wa Kiswahili aliona umoja mara ya kwanza, na umoja mara ya pili, na kitu pekee kilichotoweka ni "nchi huru". Wako waliowalaumu wafasiri. Mimi siwalaumu, kwa kuwa kila nchi ilikwenda Durban na bendera yake na ikarudi nayo nyumbani.

Tena jina la muungano halitaji walioachwa nje. Tarehe 31 Mei 1910 makoloni manne ya kusini, yaani Cape, Natal, Transvaal na Orange River, yaliunganishwa yakaitwa "Union of South Africa", na jina hilo likadumu hadi mwaka 1961. Walioungana walikuwa Waingereza na Makaburu. Waafrika, waliokuwa wengi kuliko hao wote, hawakuulizwa, na ni wachache sana kati yao waliokuwa na kura.

Yabaki maneno yaliyotoka katika Kiarabu. Shirika, ushirika na shirikisho ni ndugu wa kushiriki, yaani kuwa na fungu katika kitu. Wakristo wengi huita Ushirika Mtakatifu ile meza ya Bwana. Na Waislamu wajua kwamba ushirikina, kumpa Mungu mshirika, watoka katika shina lilo hilo. Hata hivyo shirika limeacha njia ya nduguze. Tunaposema Shirika la Reli hatuna maana kwamba abiria ana fungu ndani yake, na abiria wajua hivyo vizuri.

Ama shirikisho, hilo limengoja sana. Tarehe 5 Juni 1963, hapa Nairobi, Kenyatta, Nyerere na Obote walitangaza kwamba wangeunda shirikisho la Afrika Mashariki kabla ya mwaka kwisha. Mwaka ukaisha. Mwaka 1967 ikaja Jumuiya, ikavunjika mwaka 1977, ikafufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha mwaka 1999. Mkataba huo ulipanga ngazi nne: umoja wa forodha, ulioanza mwaka 2005, soko la pamoja, lililoanza mwaka 2010, umoja wa fedha, ambao itifaki yake ilitiwa saini mwaka 2013, na shirikisho la kisiasa juu kabisa. Msomaji atazame jinsi maneno yalivyopangwa. Mpaka ngazi ya tatu tumepewa umoja na soko, na neno lenye fungu ndani yake limewekwa mwisho.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutalitazama neno "kamati".