Haki ya Kura Isiyohesabu Siku za Posta

Juma lililopita niliwaandikia watoto wa darasa la sita hesabu ubaoni, nayo ilikuwa hivi: Mtu mmoja akaa Australia, naye ni raia wa Uingereza. Sheria ya kwao yampa ruhusa kuomba karatasi ya kura kwa posta hata tarehe 19 Juni. Kura hiyo sharti iwe imekwisha kurudi Uingereza, mikononi mwa wasimamizi wa uchaguzi, tarehe 4 Julai kabla ya saa nne ya usiku. Je, ziko siku ngapi za kwenda na kurudi? Watoto wakajibu upesi, siku 15. Kisha msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyosha mkono, akauliza, "Mwalimu, na siku za kuitia katika bahasha, na siku za mtu kuisoma na kuijaza, tuzitoe wapi?" Nikamwambia aketi kwanza, kwa maana swali lake lilikuwa kubwa kuliko hesabu yangu.

Hesabu ile sikuibuni. Ndizo tarehe za uchaguzi mkuu wa Uingereza wa mwaka 2024. Uchaguzi ulitangazwa tarehe 22 Mei. Majina ya wagombea yalifungwa tarehe 7 Juni, na kabla ya hapo hakuna awezaye kuchapa karatasi ya kura, kwani atachapa majina ya nani? Basi hata yule aliyeomba mapema sana, kwa bidii yote, alikuwa na siku 27 tu kutoka kufungwa kwa majina hata siku ya kura, na katika hizo atoe siku za kuchapa, za safari ya kwenda, na za safari ya kurudi. Matokeo yake kila mtu aliweza kuyatabiri. Raia wengi walio ng'ambo walipokea karatasi zao siku chache kabla ya kura, na wengine kura ilipokwisha kupita. Bahasha zikabaki mezani kwao kama barua ya harusi iliyofika baada ya pilau kuliwa.

Huenda msomaji akaniuliza, "Wewe mwalimu wa shamba, una nini na kura za Waingereza?" Ninalo jambo. Katika vijiji vyetu ni nyumba chache zisizo na mtoto aliyekwenda Uarabuni, au Ulaya, au Amerika kutafuta riziki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliwaahidi hao haki ya kupiga kura, itimizwe hatua kwa hatua. Mwaka 2013 walipiga kura katika nchi nne jirani, yaani Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi. Mwaka 2022 nchi zikawa 12, nao walimchagua Rais tu. Lakini sharti mtu aende kwa miguu yake hata kituoni, na anayekaa mji ulio mbali na kituo hana njia. Ndiyo maana wengi sasa wanasema, "Tupewe kura kwa posta kama Waingereza." Nami nasema, angalieni kwanza kile mnachokitamani.

Tutazame jinsi haki hiyo ilivyopatikana. Kabla ya mwaka 1985 raia wa kawaida wa Uingereza akiishi ng'ambo hakuwa na kura. Sheria ya mwaka huo ikampa, walakini kwa miaka 5 tu tangu kuondoka kwake. Baadaye ikawa miaka 20, kisha ikapunguzwa kuwa 15. Palikuwa na mzee mmoja, Harry Shindler, aliyepigana katika vita vikuu vya pili huko Italia, na baada ya miaka mingi akarudi kukaa nchi ile ile. Miaka yake 15 ilipokwisha akanyang'anywa kura. Akashtaki hata mbele ya mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya, nayo mwaka 2013 ikamkatalia. Mwaka 2016 Waingereza walipopiga kura ya kutoka katika Umoja wa Ulaya, jambo lililougusa mlango wa nyumba yake kuliko milango ya wengi waliokuwa kwao, yeye hakuruhusiwa. Hakuchoka. Mwaka 2022 Bunge likapitisha sheria ya kuondoa kile kikomo cha miaka. Mzee akafa Februari 2023, mwenye umri wa miaka 101, na sheria ikaanza kutumika tarehe 16 Januari 2024.

Basi uchaguzi mkuu wa kwanza baada ya ushindi huo ndio ule wa Julai 2024. Watu waliofungiwa mlango kwa kuhesabiwa miaka wakafungiwa tena kwa kuhesabiwa siku. Tofauti ni hii tu: zamani sheria ilimwambia mtu wazi, "Wewe huna kura." Sasa yamwambia, "Kura unayo," kisha yamwachia tarishi kazi ya kumnyima. Mimi naona ule ukatili wa kwanza ulikuwa na unyofu zaidi.

Wako wasemao ya kwamba mtu aliyehama kwa hiari yake asilalamike. Alipe nauli arudi apige kura. Hao wamechelewa. Kama mtu wa mbali astahili kura au hastahili, Bunge lao limekwisha kuamua ya kuwa astahili. Asiyeupenda uamuzi huo na aende aombe sheria ifutwe mchana kweupe, asifurahi kimya kimya posta inapomfanyia kazi yake.

Wako pia wasemao, "Na amweke wakala, mtu wa kwao ampigie kura." Kweli, sheria ya Uingereza yaruhusu wakala. Lakini kura ni ya siri, na wakala ni mtu wa kuambiwa siri hiyo. Tena aliyeondoka miaka 30 iliyopita atampata wapi wa kumwamini katika mtaa ambao rafiki zake wamekufa au wamehama? Wakala ni msaada mwema kwa ampendaye. Hawi udhuru wa kuacha posta ivunjike.

Neno la wizi ndilo zito, nami sitalipita kwa haraka. Mwaka 2004 katika mji wa Birmingham kura za posta ziliibwa kweli katika uchaguzi wa madiwani, hata mahakama mwaka 2005 ikabatilisha matokeo. Lakini Bunge lilifanya nini? Halikusema, "Haya ndiyo mambo ya posta, tuvumilie." Mwaka 2006 lilitunga sheria, na tangu hapo mpiga kura atia sahihi na tarehe yake ya kuzaliwa katika karatasi ya pili, zikalinganishwa na zile alizoandika alipoomba. Basi walio na akili ya kumzuia mwizi wameshindwaje kuhesabu siku za barua? Sisemi hawawezi. Nasema hawakuona haja, kwa sababu aumiaye yuko mbali na sauti yake haisikiki barazani.

Wala si Waingereza peke yao. Ujerumani ilifanya uchaguzi kabla ya wakati wake tarehe 23 Februari 2025, kwa kuwa katiba yao yataka uchaguzi ufanyike ndani ya siku 60 Bunge linapovunjwa. Wajerumani zaidi ya 200,000 walio nchi za nje walikuwa wamejiandikisha, na kura zao zilipaswa kufika kabla ya saa kumi na mbili ya jioni siku ile ile. Karatasi nyingi zilipelekwa Februari yenyewe. Balozi wao katika London alisema hadharani ya kuwa yeye mwenyewe hakuweza kupiga kura. Fikirini, balozi! Na katika uchaguzi huo chama kimoja kilikosa kuingia Bungeni kwa upungufu wa kura zisizofika 10,000. Sidai ya kuwa kura zilizochelewa zingekiingiza. Nadai ya kuwa hakuna awezaye kuapa vinginevyo, na hilo latosha kuwa aibu.

Dawa yajulikana, tena imekwisha kuonjwa na wengine. Sheria ya Marekani ya mwaka 2009 yataka karatasi za walio ng'ambo zipelekwe siku 45 kabla ya uchaguzi wa taifa, na mtu akitaka apelekewe karatasi tupu kwa intaneti, hata posta ibebe safari moja tu badala ya mbili. Karatasi isipofika, iko nyingine ya akiba ambayo mpiga kura huandika mwenyewe jina la amtakaye. Huko Australia, kura iliyopigwa kabla ya vituo kufungwa hupokelewa hata siku 13 baadaye. Nchi ile haijaanguka kwa kungoja siku 13.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa yuko kazini Qatar, aliniandikia akiuliza kama wao walio huko watie sahihi ombi la kutaka kura kwa posta. Nimemjibu watie, lakini wasiandike neno "posta" peke yake. Waandike karatasi itoke siku ngapi kabla ya uchaguzi, ipelekwe kwa njia gani, na ipokelewe hata siku ngapi baadaye. Tena nimemwambia apeleke barua moja kwa mama yake hapa kijijini, aandike tarehe juu ya bahasha, nasi tutamjulisha siku itakayofika. Ni juma la tatu sasa, nasi bado tunaingoja.