MASHINE HAIJUI MASIKA



Sisi wa reli twajua kwamba njia haiwi moja mwaka mzima. Mvua ikila tuta, dereva hupewa amri ya kupunguza mwendo mahali pale, na tuta likitengenezwa amri hufutwa. Hakuna mkubwa atakayesema, "Tuliipima njia hii wakati wa jua, basi pita vivyo hivyo." Lakini hivyo ndivyo tunavyofanyiwa siku hizi katika mambo ya simu na mtandao.

Tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya NHIF iliondoka, ikaja SHA. Mwenye mshahara hukatwa 2.75 kwa mia kila mwezi. Apataye shilingi 20,000 hukatwa 550. Asiye na mwajiri hujiandikisha kwa mtandao, huulizwa ukuta wake, paa lake, choo chake na mali yake, kisha mashine hupiga hesabu: si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na alipe ya mwaka mzima mbele. Kwa uchache ni 3,600.

Sasa tazameni kwetu Ngomeni. Kibarua wa chumvi ana kazi wakati wa jua. Masika ikiingia chumvi haikauki, naye huambiwa arudi nyumbani. Akienda baharini, kusi imeichafua. Mwezi wa Februari alikuwa na ujira, mwezi wa Mei hana kitu, na akilazwa hospitali ndipo anapotakiwa awe amelipa ya mwaka! Amekadiriwa kwa ukuta wa mawe alioujenga alipokuwa na kazi. Je, ukuta huliwa?

Wakubwa watajibu kwamba mwaka 2025 walileta Lipa SHA Pole Pole. Twaijua. Ule ni mkopo, na mkopo nao hudaiwa masika.

Mimi mwenyewe nilipoteza laini ya simu. Ofisi moja, jina naliacha, ikasema itanitumia namba ya siri ili nibadilishe laini. Ikaituma wapi? Kwenye laini ile ile iliyopotea! Nilicheka, kisha nikapanda matatu kwenda kwao, na siku ile sikulipwa.

Wala tusiambiwe haiwezekani. Ngomeni hii ndipo Waitaliano waliporusha setilaiti kutoka baharini mwaka 1967.

Twataka hivi. Siku makato ya mtu yanapokoma kufika kutoka kwa mwajiri, mashine imuulize, "Hali yako ikoje sasa?" na imkadirie upya. Mtu aruhusiwe kulipa zaidi wakati wa jua na kidogo wakati wa masika. Na pale Gongoni awekwe karani mwenye uwezo wa kusahihisha, si wa kusema tu "mtandao umekataa."

Wala mtu wa reli asidhani haya ni ya wavuvi na watu wa chumvi. Wangapi kati yetu wana mkataba wa muda? Mwenye kisa cha namna hii akilete kwa Katibu wa Tawi pamoja na karatasi zake kabla ya mkutano, ili tuingie kwa wakubwa na ushahidi mkononi.