Makofi hayamfundishi mtoto piano

Nilikuwa kimya kidogo, nilikwenda nyumbani Nshamba kuwasalimia wazee. Leo siasa tuziweke kando. Nina jambo la kinanda.

Jumapili nilikaa benchi la nyuma kanisani. Kwenye kinanda alikuwepo mtoto wa darasa la sita, miguu inaning'inia. Hakuwa na karatasi ya nota. Kwaya inaanza, yeye anasikiliza kidogo, vidole vinatafuta, vinapata. Ibada ilipoisha akina mama walipiga vigelegele, na mzee mmoja akamnunulia soda: "Waitu, Mungu akutunze." Kisha kinanda kikafungiwa kabatini.

Nikamuuliza, anakigusa mara ngapi kwa wiki? "Jumamosi kwenye mazoezi na Jumapili, umeme ukiwepo."

Mimi nimepita njia hiyo hiyo, vigelegele na soda. Nilipofika Dar nikiwa na miaka 22 ndipo nikakaa mbele ya piano halisi kwa mara ya kwanza. Nilidhani ni mbovu! Ukibonyeza taratibu inanong'ona, ukikazana inanguruma. Kinanda chetu kilikuwa na nguvu moja tu kwa kila kidole. Mwalimu akanieleza kwa upole kwamba mikono yangu imeshazoea vibaya. Nikaenda kusomea uandishi.

Najua mtakachosema: sisi maskini, piano ya vibonyezo 88 tutaitoa wapi? Basi kumbukeni kwamba piano za enzi za Mozart zilikuwa na oktava 5 hivi, sawa na kinanda cha kwaya yetu. Chombo ni tatizo, sikatai. Lakini tatizo kubwa zaidi ni kwamba mtu mzima anasikia kipaji, anapiga makofi, anakwenda zake kula ndizi.

Angalieni mtoto wa Zanzibar, Farrokh Bulsara, aliyezaliwa mwaka 1946, baba yake keshia wa serikali. Alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India. Mkuu wa shule akaona huyu ana sikio, akawaandikia wazazi: ongezeni ada kidogo, afundishwe muziki. Wakaongeza. Akafaulu daraja la nne la piano, vitendo na nadharia. Dunia ikaja kumjua kama Freddie Mercury. Barua moja na nyongeza ya ada!

Lakini huyo aliishia kwenye roki. Mchukueni basi Eunice Waymon, aliyetaka piano ya klasiki yenyewe. Alizaliwa mwaka 1933 Tryon, North Carolina, mama yake mhubiri, naye akaanza kupiga kanisani akiwa mdogo sana, kwa kusikia tu, kama huyu wetu. Akapatiwa mwalimu, Muriel Mazzanovich, akamfundisha Bach. Watu wa mji wakachanga mfuko wa kumsomesha. Mwaka 1950 alikuwa Juilliard, New York. Mwaka uliofuata chuo cha Curtis, Philadelphia, kilimkataa, na yeye aliamini ni kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1954 akaanza kupiga baa kule Atlantic City kwa jina jipya, Nina Simone. Curtis walimpa shahada ya heshima mwaka 2003, siku 2 kabla hajafa.

Mlango alifungiwa, ndiyo. Lakini mikono ilikuwa imeshafundwa, hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Wa kwetu hata hawafiki mlangoni wakakataliwa.

Na milango ipo. Zanzibar kuna chuo cha muziki cha nchi za majahazi, DCMA, tangu mwaka 2002. Makumira, Arusha, wanatoa shahada ya muziki. Hapa hapa Kagera, Walutheri waliwahi kufundisha muziki Ruhija. Ila mtu akianza kujifunza nota akiwa na miaka 20 atakuwa anakimbizana na waliozianza na miaka 7. Nawaambia kwa uzoefu.

Sisi Wahaya tunajua kuchanga. Kamati ya harusi inakusanya mamilioni kwa ajili ya usiku mmoja. Mkungu wa ndizi unanadiwa nje ya kanisa mara tatu na kurudishwa mnadani. Je, tukinadi mikungu miwili kwa mwezi, hatupati nauli na posho ya mwalimu wa nota? Na ufunguo wa kabati, mtoto akiachiwa jioni tatu kwa wiki, kanisa litapungukiwa nini?

Niliyasema haya kwa wazee kabla ya kupanda basi. Mmoja akanijibu, "Mwanangu, tutaliangalia kwenye kikao." Kikao ni mwezi ujao. Mkungu wa kwanza nimeahidi kuununua mimi. Wa pili nani anachukua?