Pumzi Baada ya Mrija

Katika karne ya 19, misafara ilipopita Tabora ikienda Ujiji au Bagamoyo, njia ilikuwa nyembamba, watu wakaandamana mmoja nyuma ya mwenziwe. Mti ukianguka njiani, hapana budi kufyeka njia ya kando. Mwili nao una njia moja tu ya pumzi. Ikizibwa kooni, daktari hutoboa shingo chini ya koromeo, akatia mrija, na mgonjwa akapumua kwa njia hiyo ya kando. Kazi hii yaitwa trakeostomi, nayo imeokoa wengi. Lakini nyumba nyingi hudhani kwamba mrija ukiisha kutolewa, hatari nayo imekwisha. Sivyo.

Mwaka 2011 madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walitoa taarifa ya wagonjwa 214 waliotiwa mrija katika muda wa miaka 10. Zaidi ya nusu walizibwa pumzi kwa sababu ya kuumia. Wengi katika waliosalia walikuwa na uvimbe. Wale waliotiwa mrija wa muda walikaa nao tangu siku 8 hata miezi 46. Katika waliobaki hai, kama 72 katika kila 100 walitolewa mrija salama.

Tuangalie basi yatokeayo ndani ya koo. Mrija ukikaa siku nyingi husugua ukuta wa njia ya pumzi. Hapo hutoka kidonda, na nyama huota juu yake. Kidonda kikipona huacha kovu, na kovu hujikunja likabana njia. Pengine gegedu linaloshikilia njia wazi hulegea, hata ukuta ukaanguka ndani mtu avutapo pumzi. Mambo haya huja polepole: mtu ametoka hospitali mzima, na baada ya majuma au miezi pumzi yaanza kumpungukia.

Dalili zake ni hizi: pumzi yapiga mluzi au yakoroma, hasa akivuta ndani, achoka upesi achotapo maji au apandapo kilima, akohoa wala makohozi hayatoki vema, sauti yabadilika. Watu husema, "Ni pumu," wakampa dawa ya pumu, wala haimfai. Wengine husema amerogwa, nao hupoteza siku zilizo za thamani. Enyi wazazi, mtu aliyepata kutiwa mrija akianza kupiga mluzi, mpelekeni hospitali, mkamwambie daktari waziwazi: "Huyu alikuwa na mrija shingoni." Neno hilo moja laweza kumwokoa. Mbavu zikizama avutapo pumzi, au midomo ikigeuka rangi, msingoje hata kuche. Wa Tabora waanze Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa. Daktari wa koo huchungulia ndani kwa chombo chembamba, na kovu laweza kupanuliwa, au sehemu iliyobanwa kukatwa na ncha kuunganishwa. Pengine mrija hurudishwa kwanza, nayo si aibu.

Mwenye mrija bado naye ana haki yake nyumbani. Pua hupasha hewa joto, huilowesha na kuichuja, mrija hauwezi. Kwa hiyo vumbi la kiangazi na moshi wa jikoni humwingia moja kwa moja, na makohozi hukauka yakaziba. Alale mbali na moto, afunikwe tundu kwa kitambaa chepesi kipitishacho hewa, na mrija usafishwe kama mlivyofundishwa hospitalini. Mtu asiutoe nyumbani kwa shauri lake mwenyewe. Tena mtoto mwenye mrija mara nyingi hawezi kulia kwa sauti. Usiku mama asitegemee kusikia kilio. Sharti mtu mzima alale karibu naye.

Nanyi waalimu, mtoto wa namna hii msimlazimishe kuimba wala kukimbia kupita nguvu zake, msimwache aingie mtoni, wala wenzake wasimcheke kwa sauti yake. Mwalimu amwonaye kila siku huweza kujua kabla ya wote kwamba pumzi yake imebadilika. Akijua, awaambie wazazi siku ile ile.