MPIRA WA SHULE NA VIWANJA VYA BONDE

Wamekuwapo wanachama waliotuletea malalamiko kwamba si haki kutumia fedha ya michango kununua mipira ya shule za shamba, maana, wasema, chama ni cha makarani wala si cha watoto. Malalamiko hayo yameandikwa kwa adabu, nasi twapenda kuyajibu kwa adabu.

Shule ya Mtakatifu Andrea, Kiungani, Unguja, ilikuwa ya misheni ya UMCA. Ilikusanya vijana waliokombolewa utumwani, na baadaye Wabondei, Wayao, Wamakua na wengine waliotoka bara. Katika miaka ya 1880 mpira ulikuwa umekwisha kuota mizizi pale. Waliomaliza masomo walipelekwa kufundisha Magila na vijiji vya Bonde, wakauchukua mchezo pamoja na kitabu. Jioni kengele ya shule ikiisha kulia, kiwanja kikajaa. Na mtoto asiye na mpira alipiga danzi bichi, ambalo Muheza halikosekani hata leo. Vidole vyetu vya miguu vyalikumbuka.

Wapo wadhanio kuwa urithi wa timu ile ni mchezo tu. Sivyo. Kijijini mtoto wa jumbe ni mtoto wa jumbe. Kiwanjani nahodha alichaguliwa kwa kujua kazi, na aliyemwumiza mwenzake kwa makusudi alitolewa, awe nani. Huko ndiko wengi walikojifunza kwanza kumtii mtu asiye wa ukoo wao, na kushindwa bila kununa. Hilo la pili, twakiri, ni gumu hata katika mikutano yetu.

Bwana Martin Kayamba alisoma Kiungani. Mwaka 1922 yeye na wenzake walianzisha hapa Tanga chama cha Waafrika watumishi wa serikali, Wakristo na Waislamu pamoja, na mpira ulikuwa mmoja wa michezo yake. Chama kile hakipo tena; nayo shule ya Kiungani ilihamishiwa Minaki katika miaka ya 1920. Hatusemi kuwa chama kilizaliwa na mpira. Twasema kwamba watu walioweza kuketi meza moja, huyu wa Magila na huyu wa Ngamiani, hawakuanza siku ile kujifunza kuketi.

Sasa twatazama kiwanja cha shule tuliyokusudia kuisaidia. Goli moja limeanguka. La pili limefanywa kamba ya kuanikia nguo. Walimu hawana la kufanya, na waliochezea hapo zamani wamepata mishahara mjini, hawaendi tena ila kwa maziko. Mmoja wa waliotuandikia kulalamika alicheza hapo hapo miaka mitatu. Hatutamtaja.

Mipira miwili itapelekwa Jumamosi ijayo, saa nane mchana. Atakayefuatana nasi na aje na panga, maana nyasi zimefika magotini.