Umeme ukikatika, data zinabaki wapi?
Mwisho wa Januari 2025, Goma ilikatiwa umeme, maji na intaneti. Tangu hapo, kuuliza data za shirika zinakaa wapi, kwa seva ya Ulaya ao hapa mtaani, si kazi ya mafundi peke yao.

Docker, iliyotoka 2013, inarahisisha ya mtaani: kila programu ndani ya kontena yake, ordinatere moja inatosha. Lakini iko mutego. Ukifuta kontena, yaliyoandikwa ndani yanapotea, isipokuwa yaliwekwa kwa voliyumu, inayokaa nje yake. Wengi wanajua hilo siku ya kulia.

Na umeme ukirudi, kontena haiwaki yenyewe kama haikuagizwa. Ikikataa, soma logi kwanza: pengine diski imejaa tu.